Kusubiri, kujaribu, kutembea au kuchimba: uchague njia ipi ya kutafiti mabadiliko ya dunia?

Mwaka 2012 jarida la Nature lilichapisha ulinganisho ambao kila anayeingia katika utafiti huu angefaidika kuusoma kabla hajanunua kipimajoto cha kwanza. Elizabeth Wolkovich na wenzake waliuliza swali dogo: joto likipanda kwa nyuzi 1, mimea huwahi kuchanua na kuchipua majani kwa siku ngapi? Wakakusanya majibu ya aina mbili. Upande mmoja kulikuwa na majaribio ambamo watafiti walipasha joto vipande vya ardhi. Upande wa pili kulikuwa na kumbukumbu za miaka mingi za mimea iliyoachwa katika hali yake. Majaribio yalionyesha mwitikio mdogo kuliko kumbukumbu, tena kwa tofauti kubwa: mara 8.5 kwa kuchanua na mara 4 kwa kuchipua.

Hapo hakuna aliyedanganya. Vifaa vya kupashia joto huweza kukausha udongo, kukinga upepo na kupunguza mwanga, na kipande cha ardhi chenye joto katikati ya ardhi isiyo na joto hakiishi kama nchi nzima iliyopata joto. Kumbukumbu nazo hubeba mambo mengine yaliyobadilika sambamba na joto. Njia unayoichagua huingia ndani ya jibu. Mwanafunzi anayechagua mada kwa makini, kisha akaacha njia iamuliwe na kifaa kilichopo maabara, amekwisha kuamua sehemu kubwa ya matokeo yake bila kujua.

Hapa nalinganisha njia zinazotumika zaidi, katika nchi kavu na katika maziwa na mito, na nazipima kwa mambo mawili. Kwanza, je, njia hiyo inaweza kukitenga chanzo unachokishuku na vyanzo vingine? Pili, je, inadumu muda wa kutosha kuliona jambo lenyewe likitokea? Gharama ina uzito wake, lakini gharama hutafutiwa njia. Haya mawili hayakwepeki.

Swali la chanzo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mabadiliko ya dunia si joto peke yake. Kuna hewa ukaa inayoongezeka, naitrojeni inayoanguka na mvua na vumbi, mbolea inayotiririkia mitoni, misitu inayogeuzwa mashamba, mabwawa yanayokata mito, viumbe vamizi, uvuvi. Tathmini ya jopo la kimataifa la bayoanuwai, IPBES, ya mwaka 2019 ilisema kwamba tangu 1970 kilichoiumiza zaidi asili katika nchi kavu na maji yasiyo ya chumvi ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Anayepima joto la ziwa bila kutazama kilimo kwenye vilima vinavyolizunguka anaweza kupata takwimu nzuri na hitimisho baya.

Kupima na kusubiri

Njia ya kwanza ni ya zamani na haina ujanja: chagua mahali, pima vitu vilevile kwa namna ileile, usiache. Mfano wake mashuhuri ni Ziwa Baikal huko Siberia. Mikhail Kozhov alianza kupima mwaka 1945, kila baada ya siku 7 hadi 10 hivi, majira yote, hata barafu ilipofunika maji. Binti yake Olga akaendeleza, kisha mjukuu wake Lyubov Izmest'eva. Matokeo yalipochapishwa kimataifa mwaka 2008 ilionekana kwamba maji ya juu ya ziwa yalikuwa yamepata joto la ziada la nyuzi 1.21 tangu 1946, na jamii ya viumbe vidogo vinavyoelea ilikuwa imebadilika nayo. Wengi walidhani ziwa kubwa na lenye kina kiasi kile lingestahimili bila kutikisika. Hakuna jaribio la miaka mitatu ambalo lingewaondolea dhana hiyo.

Nguvu ya njia hii ni kwamba unapima kitu chenyewe, kwa ukubwa wake, na mambo yote yakiwa yanatenda kwa pamoja. Udhaifu wake ni huohuo: mambo yote yanatenda kwa pamoja. Tazama yaliyotokea kwa maji ya mito na maziwa ya kaskazini mwa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambayo kwa miongo kadhaa yaliendelea kuwa ya kahawia kwa sababu ya kaboni iliyoyeyuka kutoka kwenye udongo. Joto lilikuwa linapanda, hewa ukaa ilikuwa inapanda, na maelezo yaliyoegemea kwenye hayo mawili yalivutia. Mwaka 2007 Don Monteith na wenzake wakaweka pamoja kumbukumbu za maziwa na vijito 522. Mwelekeo wa rangi ulieleweka vizuri zaidi kwa kupungua kwa mvua ya tindikali: salfa ilipopungua angani, udongo ulianza kuachia tena kaboni uliyokuwa umeizuia. Sehemu kubwa ya kilichodhaniwa kuwa ugonjwa ilikuwa dalili ya kupona. Ziwa moja, hata lipimwe miaka mia, lisingeweza kulitatua hilo. Ilihitajika tofauti kati ya mahali na mahali.

Kwa hiyo ukiniuliza kama uanzishe kumbukumbu mpya kwa ajili ya shahada ya uzamivu, nitasema hapana, isipokuwa kuna mtu au taasisi iliyokwisha kukubali kuendelea baada yako. Rithi iliyopo. Zipo nyingi kuliko watu wanavyofikiri, na baadhi hazikuandikwa na wanasayansi: makuhani wa Kishinto kandokando ya Ziwa Suwa, Japani, wamekuwa wakiandika siku ambayo barafu inafunga ziwa tangu 1443, na tarehe ya kuvunjika kwa barafu ya Mto Torne, kati ya Ufini na Uswidi, imeandikwa tangu 1693. Wanaoendesha mabwawa, mitambo ya kusafisha maji na vituo vya mvua hujaza madaftari ambayo hakuna aliyeyafungua kwa swali lako. Kazi ya kuyasafisha inachosha na haina sifa. Lakini miezi sita ya kusafisha data za miaka 40 mara nyingi inazaa kuliko miaka mitatu ya kukusanya zako.

Sharti moja tu: hakikisha unajua lini kifaa kilibadilishwa, lini kituo kilihamishwa, na nani alikuwa anapima. Mruko wa ghafla kwenye grafu mara nyingi ni kipimajoto kipya.

Kujaribu: tangi au ziwa zima?

Watu husema "jaribio" kana kwamba ni kitu kimoja. Kati ya chupa ya lita 1 dirishani na ziwa zima lililotiwa mbolea kwa makusudi kuna umbali mkubwa sana, na hapa ndipo uchaguzi unapokuwa na uzito kuliko mahali pengine popote.

Miaka ya 1960 kulikuwa na mzozo mkali kuhusu kinachosababisha maziwa kujaa mwani. Fosforasi ilishukiwa, nayo ilikuwa ndani ya sabuni za kufulia, kwa hiyo kulikuwa na fedha nyingi nyuma ya jibu. Baadhi ya vipimo vya chupa vilielekeza kwenye kaboni: ukiongeza kaboni ndani ya chupa, mwani unastawi. Mwaka 1968 Kanada ikatenga eneo lenye maziwa madogo 58 huko Ontario kwa ajili ya majaribio, na David Schindler na wenzake wakaanza kuyafanyia maziwa yenyewe kile ambacho wengine walifanyia chupa. Kuanzia 1969 Ziwa 227, ambalo maji yake yana kaboni kidogo sana, lilitiwa fosforasi na naitrojeni. Likageuka kijani. Kaboni iliyokosekana iliingia kutoka hewani, jambo ambalo chupa haikuweza kulionyesha. Mwaka 1973 Ziwa 226 likagawanywa kwa pazia la plastiki: upande mmoja kaboni na naitrojeni, upande wa pili kaboni, naitrojeni na fosforasi. Upande wenye fosforasi ulijaa mwani na mwingine haukujaa. Picha yake iliyopigwa kutoka angani ilifanya kazi kubwa kuliko makala nyingi, na sheria za sabuni zikafuata.

Kisa cha pili cha eneo hilohilo nakipenda zaidi, ingawa hakina picha nzuri. Kuanzia 1976 Ziwa 223 lilitiwa tindikali kidogo kidogo, kutoka pH ya 6.8 hadi kufikia 5.0. Swali lilikuwa samaki aina ya trauti watakufa kwenye kiwango gani. Ukimweka trauti kwenye tangi la maabara utapata namba ya kiwango kinachomuua. Ziwani mambo hayakusubiri namba hiyo. Kamba wadogo na vidagaa ambao trauti huwategemea kwa chakula walitoweka mapema, na trauti wakakonda wakiwa bado ndani ya maji ambayo yenyewe hayakuwa na uwezo wa kuwaua. Mnyororo wa chakula ulikatika kabla ya mwili kushindwa. Sijui namna ya kuupata ukweli huo kwenye tangi.

Basi kwa nini mtu yeyote atumie matangi? Kwa sababu ya marudio. Ziwa zima ni moja. Hata ukilipima mara elfu, umepima kitu kimoja mara elfu, na Stuart Hurlbert aliwasema vikali wanaikolojia mwaka 1984 kwa kuhesabu vipimo vya namna hiyo kama marudio halisi. Matangi 20 ya maji ya nje, nusu yakipashwa joto na nusu yakiachwa, yanakupa takwimu safi kuhusu kile kinachotokea mle ndani: kasi ya mwani, upumuaji wa bakteria, methani inayotoka kwenye tope. Kwa michakato ya viumbe vidogo ambavyo vizazi vyake huhesabiwa kwa siku, tangi linatosha na wakati mwingine ni bora kuliko ziwa. Swali lako likiwa na samaki, upepo, matabaka ya maji au ufuko, tangi litakupa jibu lenye takwimu nzuri kuhusu ziwa lisilokuwepo popote. Schindler mwenyewe aliandika mwaka 1998 akitetea uhalisia dhidi ya marudio. Nakubaliana naye karibu kila mahali, isipokuwa kwamba wachache sana kati yetu watapewa ziwa.

Njia ya katikati ipo, na haitumiki inavyostahili. Badala ya viwango viwili vyenye marudio mengi, tandaza vitalu vichache kwenye viwango vingi. Jaribio la SPRUCE, kwenye ardhioevu yenye udongo wa mboji huko Minnesota, lilijengewa vizimba vikubwa vilivyo wazi juu, upana wa mita 12, vya kupashwa kwa nyuzi 0, 2.25, 4.5, 6.75 na 9 juu ya joto la kawaida, kila kiwango kikiwa na kizimba chenye hewa ukaa ya ziada na kisicho nayo. Vizimba 10 tu vinakupa mchoro wa mwitikio: unaona kama unapanda taratibu au unaruka ghafla baada ya kiwango fulani. Viwango viwili vinakuambia tu kwamba kuna tofauti. Ukiwa na vitalu vichache, nakushauri kwa nguvu uufikirie mpango huu kabla ya ule wa kawaida.

Nchi kavu majaribio yana ugonjwa wake, nao ni haraka. Katika msitu wa Harvard, Massachusetts, udongo umepashwa kwa nyaya zilizofukiwa tangu 1991, nyuzi 5 juu ya jirani yake. Miaka 10 ya kwanza udongo ulipoteza kaboni. Miaka 7 iliyofuata upotevu wa ziada haukuonekana, na mtu angeweza kuandika kwamba udongo umezoea. Kisha ukarudi kwa miaka 6, ukasimama tena. Jerry Melillo na wenzake walieleza mawimbi hayo mwaka 2017, baada ya miaka 26, wakiyahusisha na mabadiliko ya vijidudu vya udongo na aina ya kaboni iliyobaki. Ruzuku ya kawaida ya utafiti ingemalizika ndani ya wimbi la kwanza.

Hewa ukaa imetoa somo kama hilo. Huko Oak Ridge, Tennessee, miti iliyopulizwa hewa ukaa ya ziada kwenye uwanja wazi ilizalisha asilimia 24 zaidi kati ya 2001 na 2003. Kufikia 2008 ziada hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9, kwani naitrojeni ya udongo haikutosha. Katika msitu wa mikalitusi karibu na Sydney, ambako udongo ni maskini wa fosforasi, miti mikubwa ilivuta kaboni zaidi kwa asilimia 12 hivi bila kunenepa. Sehemu kubwa ilirudi hewani, nyingi kupitia udongo. Ndiyo maana nashuku kila hitimisho kuhusu misitu ya kitropiki lililojengwa juu ya majaribio ya miti michanga kwenye udongo wenye rutuba.

Kwa mfuko mdogo kuna majaribio ya heshima. Vizimba vya plastiki vilivyo wazi juu, ambavyo mtandao wa watafiti wa ITEX umevitumia kwenye tundra, nchi baridi isiyo na miti, tangu 1990, huongeza joto kwa nyuzi 1 hadi 3 bila umeme. Paa za vipande vya plastiki huondoa sehemu ya mvua ili kuiga ukame. Na kuna njia ya kufukia vifuko vya chai ya kijani na rooibos ardhini kwa siku 90 hivi kisha kuvipima uzito, ili kulinganisha kasi ya kuoza. Inachekesha kwa kusikia, lakini vifuko ni vilevile kila mahali, na hicho ndicho kinachofanya matokeo ya mahali pamoja yalinganike na ya pengine.

Kutembea mteremko

Badala ya kusubiri joto lije, unaweza kulifuata. Ukishuka mlima unapanda kwenye joto, kwa nyuzi 6 hivi kila kilomita moja, ukiwa kwenye nchi ileile na mara nyingi juu ya mwamba uleule. Kwenye Mlima Kilimanjaro watafiti walipanga viwanja 60 kuanzia savana ya chini hadi karibu na mwisho wa mimea, vingine kwenye uoto wa asili na vingine kwenye mashamba na makonde, ili athari ya joto na athari ya matumizi ya ardhi zisomwe pamoja kwenye mchoro mmoja. Kwa vijito, mahali pazuri ni Hengill, Iceland, ambako joto la ardhini linapasha baadhi ya vijito na kuacha vingine, vyote vikiwa kwenye bonde moja na vyenye kemia inayokaribiana, kuanzia nyuzi 5 hivi hadi 25.

Kwa shahada ya uzamili hii ndiyo ningeichagua kwanza. Ndani ya msimu mmoja unapata tofauti ya joto ambayo jaribio lingehitaji mitambo kuitengeneza, na viumbe unaowakuta wameishi nayo kwa vizazi vingi.

Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Mteremko unakuonyesha mwisho wa safari, haukuonyeshi mwendo. Msitu ulio chini umefika pale kwa karne nyingi. Msitu wa juu ukipata joto hilohilo ndani ya miaka 50 huenda usifanane nao kabisa, kwani mbegu hazijafika, udongo haujabadilika, na miti mizee haifi kwa ratiba ya tabianchi. Tena mlimani hakibadiliki kitu kimoja. Mvua, mionzi, shinikizo la hewa, eneo lililopo, na hata mkono wa binadamu, vyote vinapanda na kushuka kwa pamoja. Ukiweza kupata miteremko miwili yenye mpangilio tofauti wa mvua, fanya hivyo hata kama itakubidi upunguze viwanja kwenye kila mmoja.

Kuchimba mashapo

Ziwa huandika kumbukumbu zake lenyewe, tabaka juu ya tabaka, na hiyo inaokoa hali ambapo hakuna mtu aliyepima wakati ule muhimu. Hali hiyo ndiyo ya kawaida kwa sehemu kubwa ya dunia.

Ziwa Viktoria ni mfano wa namna swali la "kipi kilitangulia" linavyoweza kujibiwa kwa bomba la tope. Miaka ya 1980 sangara waliongezeka kwa kishindo, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, zikatoweka, maji yakawa ya kijani na oksijeni ikaisha kilindini. Ilikuwa rahisi kumpa sangara lawama zote. Dirk Verschuren na wenzake, katika kazi iliyochapishwa 2002, walisoma mashapo na kuonyesha kwamba uzalishaji wa mwani ulianza kupanda tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na kilimo kwenye bonde la ziwa, na upungufu wa oksijeni kilindini ukaanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yote hayo kabla ya mlipuko wa sangara. Hilo halimtakasi sangara, ila linahamisha mwanzo wa kisa kutoka majini kwenda mashambani.

Ziwa Tanganyika lilipata somo linalofanana kwa upande wa joto. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walitumia alama za kaboni kwenye mashapo kukadiria kwamba uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, kwa sababu maji ya juu yaliyopata joto yanakataa kuchanganyika na ya chini, na virutubisho vinabaki kilindini. Vipimo vya moja kwa moja vilikuwa vichache na vya vipindi vilivyoachana. Peke yao visingetosha kuutetea mwelekeo huo. Kuhusu kupungua kwa dagaa na migebuka mjadala haukuishia hapo, maana uvuvi nao ulikuwa umeongezeka, na kazi ya 2016 ikarudi tena kwenye mashapo, kwenye masalia ya samaki na konokono, kutafuta upungufu ulioanza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Ikaupata.

Mipaka yake ni ya wazi. Unasoma tu vilivyoacha masalia: diatomu (mwani wenye ganda gumu), chavua, mkaa, magamba ya samaki. Minyoo huchanganya matabaka ziwani penye oksijeni, kwa hiyo tafuta kilindi tulivu. Risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi, inakupa tarehe za miaka 150 hivi ya mwisho. Nyuma ya hapo unahamia kwenye radiokaboni, na katikati kuna kipindi ambacho tarehe zinalegea. Na nchi kavu huna bahati hiyo mara nyingi. Unaazima ziwa au kinamasi kilicho karibu na kusoma msitu kwa chavua iliyoangukia humo.

Setilaiti na modeli, kwa ufupi

Naziweka pamoja kwa sababu zote mbili hutumiwa na watu wengi kukwepa matope, na zote mbili hudai matope mwishoni.

Picha za Landsat zipo tangu 1972 na zimekuwa za bure tangu 2008. Sentinel-2 imeleta pikseli za mita 10 tangu 2015. Kwa kutumia picha milioni 3 za Landsat, kazi iliyotoka 2016 ilionyesha kwamba kati ya 1984 na 2015 karibu kilomita za mraba 90,000 za maji ya kudumu zilitoweka na nyingine 184,000 zikatokea, nyingi zikiwa ni mabwawa mapya. Hakuna njia nyingine ingeliona hilo. Lakini setilaiti inaona uso tu. Kijito cha upana wa mita 3 hakionekani, oksijeni ya kilindini haionekani, na misimu ya mawingu hutoboa mfululizo wako hasa wakati mvua inapokuwa na la kusema. Kijani kinachoonekana toka juu kinaweza kuwa msitu au vichaka vamizi.

Modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga dunia, ni lazima pale unapoulizwa kuhusu mwaka 2100. Kumbuka tu ulinganisho wa 2006 wa modeli 11 za tabianchi na mzunguko wa kaboni: zote zilikubaliana kwamba joto lingepunguza uwezo wa nchi kavu na bahari kumeza hewa ukaa, zikatofautiana kuhusu kiasi, kutoka sehemu 20 hadi 200 za ziada za hewa ukaa kwa kila milioni ya hewa kufikia mwisho wa karne. Modeli ni nzuri kwa kukuonyesha ni kipimo kipi kikikosekana jibu linayumba. Itumie kuchagua pa kupima.

Uchague ipi basi?

Ukiwa na msimu mmoja, tembea mteremko, au rithi kumbukumbu za mtu mwingine. Usifanye jaribio la kupasha joto kwa msimu mmoja isipokuwa kwa viumbe wa vizazi vifupi.

Ukiwa na miaka mitatu au minne, unganisha njia mbili ambazo udhaifu wake haufanani. Mteremko na jaribio dogo ni jozi nzuri kwa nchi kavu: mmoja unakupa mwisho, lingine linakupa mwendo wa mwanzo, na pengo kati yao lenyewe ni matokeo. Kwa maziwa, mashapo na vipimo vya sasa. Naona watu wengi wanaunganisha setilaiti na modeli kwa kuwa zote zinafanyika mezani, lakini hizo mara nyingi hukosea kwa upande uleule.

Ukiwa unashindana na vyanzo vingi kwa pamoja, kumbukumbu na modeli zinaweza kugawana kazi. Serengeti ilionyesha hivyo. Baada ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua nyumbu pia, kudhibitiwa, nyumbu walipanda kutoka robo milioni hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970, na miti ikaongezeka. Mvua? Hewa ukaa? Tembo? Ricardo Holdo na wenzake walishindanisha maelezo hayo mwaka 2009 dhidi ya kumbukumbu za miaka 40 na zaidi. Nyumbu kula nyasi, nyasi chache kuwa na moto mdogo, moto mdogo kuacha miche ikue: hayo ndiyo yaliyobeba uzito. Ugonjwa wa ng'ombe uliamua kiasi cha kaboni kwenye miti.

Na ukiwa ndani ya kundi au kituo chenye uhakika wa miaka kumi au zaidi, fuata mpangilio wa Hubbard Brook huko New Hampshire. Vipimo vya kemia ya mvua na vijito vilianza 1963 na kuibua mvua ya tindikali. Hewa iliposafishwa kwa sheria, vijito havikupona kwa kasi iliyotarajiwa, na data zikaelekeza kwenye kalisiamu iliyokuwa imeoshwa kutoka kwenye udongo. Mwaka 1999 madini ya kalisiamu yakamwagwa kwa helikopta juu ya bonde zima la kijito kimoja, na bonde jingine la karibu likaachwa. Miti ya bonde lililotiwa kalisiamu ikakua vizuri zaidi. Jaribio hilo lilifanywa mara moja tu, kwenye bonde moja, na linaaminika kwa sababu kulikuwa na zaidi ya miaka 30 ya vipimo kabla yake kwa mabonde yote mawili. Wenye ukubwa huo wa swali waanze kupima pande zote mbili mapema, miaka kadhaa kabla ya kugusa chochote, hata kama mfadhili anaulizia jaribio limeanza lini.